Nani Hakuitikia

Fundi wa makochi alikuwa na dawa moja ya maneno asiyoyataka: misumari. Aliibana midomoni, ile midogo ya kugongea kitambaa kwenye mbao, na mtu mwenye misumari sita mdomoni nani atamlazimisha kujibu? Mkewe alikwisha kumzoea. Miaka yote ya ndoa alisubiri tu misumari iishe. Jumatatu ile, siku moja baada ya mkutano wa kampeni, alisubiri kama kawaida, ameketi kwenye cherehani yake pembeni mwa karakana, anashona foronya za mito ya mteja. Msumari wa mwisho ulipotoka, akasema:

"Mzee, jana nilijifukuza kwa mdomo wangu mwenyewe."

Fundi akanyoosha mkono kwenye kopo kuchukua misumari mingine. Mkewe akalivuta kopo upande wake.

"Wewe nawe," fundi akasema. "Ule ulikuwa mdomo wa mtu mmoja mpumbavu aliyekodiwa. Chama kina uhusiano gani?"

"Mpumbavu alisema. Nani aliitikia?"

Fundi alilitazama kopo, na safari hii hakuwa hata na msumari wa kusingizia.

Ili mtu aelewe kilichomkuta mama huyu, inabidi aujue wimbo. Kwaya ya tawi ilikuwa na wimbo wake tangu fundi akiwa kijana mwenye nywele nyingi na suruali moja. Haukuwa na beti za kukariri. Kiongozi alisimama mbele, akatupa macho kwenye umati, akamtaja yeyote aliyemwona. "Na fundi baiskeli mwenye kofia?" Kwaya nzima ikajibu: "Ni wetu!" "Na mama mwenye mapacha?" "Ni wetu!" "Na yule mlevi aliyeegemea nguzo?" "Ni wetu!" Umati ulicheka, mlevi akapunga mkono, na kesho yake akaja ofisini, amechana nywele, kuomba kadi. Hivyo ndivyo chama kilivyojaa pale mtaani. Watu hawakuvutwa na sera, walivutwa na kutajwa.

Mkewe naye alipatikana hivyo hivyo. Alikuwa binti wa watu wa ng'ambo, wale ambao babu zao waliletwa kujenga daraja kuu, daraja likaisha, wao wakabaki. Rangi yao nyingine, nywele zao za singa, na enzi hizo walikaa kwao nyuma ya kiwanda cha sabuni, wakauziana wao kwa wao na kuoana wao kwa wao. Jioni moja alisimama upande wa pili wa barabara, mkoba begani, anasikiliza. Kijana aliyekuwa akiongoza wimbo alimwona, akasahau alikuwa amefika wapi. Kisha akapata sauti: "Na yule dada mwenye gauni la kijani?" "Ni wetu!" wakanguruma. Mpaka leo fundi husema yeye hakutongoza mtu, chama kizima ndicho kilichomtongozea.

Na ndicho kilichomwozesha. Shangazi yake fundi aliapa hataonja hata maji kwenye harusi ya namna ile, na baba wa binti alifunga mlango kwa ndani. Mwenyekiti wa tawi wa wakati huo, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kukwaruza, alikwenda akaketi kwenye ngazi za nyumba ya yule baba tangu asubuhi, akisalimia kila mpita njia kwa sauti, mpaka mzee akaona haya akamfungulia. "Nimekuja kama mzazi wa kijana," akasema, na aliondoka pale harusi imekubaliwa. Wanakwaya walishona sare mpya kwa mabaki ya kitambaa cha makochi, zikawa nzito na za moto ajabu, wakaimba mchana kutwa huku jasho linawatiririka. Ilikuwa raha! Halafu zile safari za kwenda kuimba matawi ya mbali, watu wamejazana kwenye lori, mvua inanyesha, wamejifunika turubai moja, mkate mmoja unapita mikononi mwa wote. Nani asingetamani kurudi pale hata kwa nusu siku?

Sasa yalipokuja mambo ya juzi, meneja wa kampeni alileta wazo lake. Wimbo uleule, alisema, ila tuugeuze kidogo, uwe na makali. Wiki nzima wakafanya mazoezi. "Wezi wa mali ya umma?" "Si wetu!" "Wala rushwa?" "Si wetu!" "Walanguzi?" "Si wetu!" Nani angekataa? Hata mama wa gauni la kijani, sasa mwenye mvi, aliimba kwa moyo wote, maana kuna mlanguzi mmoja wa sukari ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimtafuta kwa udi na uvumba.

Siku ya mkutano meneja akaja na mwimbaji wake wa kukodi, miwani ya jua usoni, kipaza sauti mkononi. Fundi alibaki na kazi ya kuwapigia mkono waitikiaji: mkono unapanda kiongozi anapouliza, ukishuka wote wanaitikia. Wezi, si wetu. Wala rushwa, si wetu. Walanguzi, si wetu. Umati ukapamba moto. Kisha yule bwana, bila hata kupumua, akatupa: "Wenye nywele za singa?"

"Si wetu!"

"Wajukuu wa daraja?"

"Si wetu!"

"Warudi kwao walikotoka?"

Hapo jibu halikupangika vizuri, lakini lilikuja. Mwili wa mwanakwaya haungoji kufikiri, pengo la kuitikia likifika huitikia. Mama yule aliitikia la kwanza na la pili. La tatu ndilo lililomkuta amefumba mdomo, amesimama katikati ya watu aliokula nao mkate, anatazama mbele.

*

Jumanne alikwenda sokoni. Muuza mboga wake, ambaye humwekea mchicha mzuri chini ya meza, alikuwa akiimba kwa mluzi. Ulikuwa wimbo ule. Alipomwona mteja wake akaukata katikati, kisha, kwa kuona haya, akamwongezea fungu moja bure.

"La nini hili?" mama akauliza.

"Zawadi tu, mama."

"Jana ulikuwa hunipi zawadi."

"Aa, mama, si unajua siku hizi za uchaguzi. Watu wanasema tu."

Akalirudisha fungu mezani. Njiani mtoto wa shule alimwangalia kichwani muda mrefu, akamuuliza mwenzake kwa sauti ya watoto, ile inayofika mbali, "Ndiyo hizo za singa?" Mwenzake akampiga kiwiko. Mama akavuta mtandio. Alikuwa hajawahi kujifunika nywele katika mtaa ule, na alipofika nyumbani aliuvua kwa hasira hadi pini ikamchoma.

Jioni hiyo walikuwa mezani watatu, kwa kuwa binti yao, karani wa mahakama, alipita kula kabla ya kwenda kwake. Binti huyo alichukua nywele za mama na ubishi wa baba.

"Chama chenu ni cha kibaguzi," akasema, anamenya chungwa. "Chote."

"Chote?" Fundi akaweka kijiko. "Chama ni maelfu kwa maelfu ya watu. Utawatia wote kapu moja? Mimi ni mbaguzi? Mama yako aliyesimama pale na sare ni mbaguzi wa nani, wa kioo chake?"

"Sikusema kila mtu, baba. Nasema chama. Mgombea alikuwa jukwaani anacheka. Mwenyekiti anapiga makofi. Kuna aliyeshika kipaza sauti akasema samahani? Leo siku ya pili. Kuna tamko?"

"Mtu mmoja wa kukodi—"

"Aliyemkodi nani?"

Fundi akasema kwa upole, karibu kwa kuomba, "Mwanangu, wewe hukumwona Mama Mwenyekiti ameketi kwenye ngazi za babu yako. Bila chama hiki hata wewe usingezaliwa."

"Hicho chama cha ngazi nakipenda hata mimi, kwa hadithi zenu. Lakini kilikufa, baba. Nyinyi mmebaki mmevaa nguo za marehemu."

Neno hilo lilimuuma fundi kuliko yote. Alimtazama mkewe amsaidie. Mkewe alikuwa akikusanya maganda ya chungwa, moja baada ya jingine.

"Kaka ameniita nikakae kwake," mama akasema. "Anasema watu wetu wengi wanahamia upande ule mpaka uchaguzi upite."

"Watu wetu ndio nani?" fundi akauliza. "Watu wako si sisi?"

"Ndilo ninalouliza na mimi. Jumapili kuna mkutano wa kufunga kampeni, na wimbo utaimbwa tena. Ukienda kuwapigia mkono, mzee, utakaporudi nitakuwa kwa kaka." Akafuta meza. "Sikwambii ukihame chama. Binti anasema chote, wewe unasema mmoja, mimi hayo ya hesabu siyawezi. Nenda kawaulize wenzetu, wale wa lori. Nani hakuitikia? Mmoja tu. Ukimpata, nitavaa sare yangu Jumapili na nitapanda lori nikiwa mbele."

Fundi akachangamka kweli. Mmoja! Alimwonea hata huruma mkewe kwa kuweka sharti jepesi namna ile.

*

Alianza kwa muuza vitambaa, shoga wa mkewe tangu ujana, ambaye walisimama naye bega kwa bega kwenye kwaya hata wakafanana kusimama. Alimkuta anampimia mteja.

"Mimi, Mwalimu?" Hivyo ndivyo wanakwaya walivyomwita. "Mimi nilikuwa napiga makofi tu. Na yale makofi ni ya mdundo, siyo ya kuunga mkono."

"Hukuitikia?"

"Nilifungua mdomo, basi. Si unajua ukifumba mdomo mbele ya umati unaonekana umesahau." Akakata kitambaa kwa mkasi, kikaenda upande. "Shoga yangu anaendeleaje? Nilitaka kuja kumwona, lakini shughuli."

Duka na karakana vilitazamana kwa hatua chache tu, na fundi alivuka barabara kurudi akiwa na furaha nusu. Mtu aliyefungua mdomo bila sauti, je, anahesabika?

Akaenda kwa muuza nyama, besi wa kwaya, mtu mwenye kifua kama mlango. Katika malori yale ya zamani ndiye aliyekaa upande wa mvua. Muuza nyama alimsikiliza, shoka mkononi, hakumtazama.

"Nilikuwa na mafua, Mwalimu. Sauti haikutoka kabisa."

"Mazoezi ya Jumamosi ulikuwa mzima."

"Yalinipata Jumapili asubuhi." Akashusha shoka kwenye mfupa. Kisha akakata kipande cha nyama laini, akakifunga vizuri kwenye karatasi. "Mpelekee shemeji."

"Nitakulipa."

"Nimesema mpelekee shemeji!" akafoka, na wateja wakageuka.

Ijumaa akafika kwa katibu wa tawi. Ofisi ilikuwa ileile, ila picha ya Mama Mwenyekiti ilihamishiwa nyuma ya kabati kupisha bango la mgombea. Katibu, kijana nadhifu wa simu mbili, alimkaribisha vizuri mno.

"Mwalimu, tusikuze mambo. Katiba yetu ibara ya kwanza inakataza ubaguzi wa kila aina. Soma mwenyewe. Sasa chama chenye ibara hiyo kitaitwaje cha kibaguzi?"

"Ibara hiyo naijua. Tulikuwa tunaiimba. Ninachouliza ni kama atatoka mtu Jumapili aseme yale yalikuwa makosa?"

"Kabla ya kura? Tuwape wapinzani fimbo?" Katibu akacheka, akampiga fundi begani. "Chama ni kikubwa kuliko maneno ya mtu mmoja. Tena yule mama hakulengwa yeye. Yeye ni wetu, kila mtu anajua. Wamelengwa wale wengine."

"Wengine gani? Mama yake? Kaka yake?"

"Mwalimu, Mwalimu. Hata mimi sikuimba, nakuapia. Nilikuwa kwenye simu. Tena tusisahau, baada ya uchaguzi viti vyote vya ofisi hii vinahitaji kitambaa kipya. Fundi ni nani kama si wewe?"

Fundi alivitazama viti vile. Viwili alivitengeneza kwa mikono yake miaka ile, bila malipo, kwa mapenzi. Alitoka hajasema kwaheri, naye alikuwa mtu wa adabu.

Aliwafikia wote wiki ile. Mmoja alikuwa amesimama nyuma, mwingine alikuwa amesogea kunywa maji, mwingine alidhani ni walanguzi bado. Mwingine, bibi wa watu, alimshika mkono akasema, "Mwanangu, mimi hata sisikii vizuri siku hizi, naitikia tu wanapoitikia." Huyo angalau alimfanya acheke.

*

Jumamosi, jua likiwa linaelekea kuzama, alimkuta mkewe anakunja nguo kitandani. Begi lilikuwa wazi.

"Umempata?"

"Nimewauliza wote." Fundi akaketi ukingoni mwa kitanda. "Wote wanasema hawakuimba. Wengine walifungua mdomo tu. Katibu alikuwa kwenye simu."

Mkewe akamwangalia. "Hakuna hata mmoja aliyeimba?"

"Hakuna."

"Kumbe niliimba peke yangu!"

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaketi chini, mgongo kwenye kitanda, anajipangusa machozi kwa blauzi aliyokuwa akiikunja. "Sauti imesikika mpaka kiwanda cha sabuni, vipaza sauti vinne, kumbe ni mimi mwenyewe nawafukuza wajukuu wa daraja! Nirudi nilikotoka! Nimetoka mtaa wa pili, mzee, nitarudi kwa miguu."

Fundi alitaka kucheka naye ikashindikana. Alitafuta misumari kwenye mfuko wa shati, kwa mazoea, haikuwemo.

"Mimi niliimba," akasema.

Kicheko kikakatika.

"Na la pili nilikuwa nimekwisha kulisikia. Lile la kwanza lilinipita, nakuapia kwa kaburi la mama. La pili nililisikia lote, wajukuu wa daraja, nikajua ni wewe. Lakini mkono ulikuwa umeshapanda juu. Nikaona watu wote wananitazama, wanasubiri. Nikaushusha."

"Najua."

"Unajuaje?"

"Nilikuwa naukodolea macho." Mkewe aliongea taratibu, kana kwamba anamweleza mtoto. "Nilipojiona nimeitikia la kwanza, nikaogopa. Nikasema ngoja nimtazame mume wangu. Mkono wake ukibaki juu, nami nitanyamaza. Ukashuka. Tangu siku ile ya barabarani sijawahi kuuona mkono wako ukishuka nisiitikie. Basi nikaitikia."

Fundi wa makochi akalia, bila kujificha, mikono imening'inia tu.

Mkewe alimwacha alie. Baadaye akamwekea kiganja kichwani, pale nywele zilipokuwa zamani. "Wewe umesema. Lakini wewe ni mume wangu, unalala hapa, utaacha kusema? Mmoja wa lori, mzee. Nilitaka mmoja wa lori."

Hakulifunga begi, wala hakutoa nguo.

*

Jumapili lori la chama lilisimama mbele ya karakana na kupiga honi. Lilikuwa limepambwa bendera, watu wamejazana, wanacheka, na kwa jinsi walivyocheka mtu angedhani ni miaka ileile. "Mwalimu! Mwalimu tunachelewa!" Fundi alikaa kwenye kochi lisilo na kitambaa, na nguo zake za kazi, mikono katikati ya magoti. Kila sauti aliijua ni ya nani. Alitamani kwenda. Tusimpambe: mguu wake wa kulia ulikuwa ukipiga mdundo chini, naye akaukanyaga kwa wa kushoto.

Mkewe alikuwa cherehani, begi miguuni pake, limefungwa sasa. Kaka yake angempitia adhuhuri.

Mlango ukajaa kifua cha muuza nyama, sare imembana.

"Mwalimu, katibu anasema twende, umati umefika." Kisha akaliona begi. Akamwona mwenye begi. Akasimama pale, mlima wa mtu, anakunja na kukunjua kofia ya chama.

"Shemeji," akasema.

"Mafua yamepona?"

"Sikuwa na mafua, shemeji." Sauti yake ilitoka nyembamba, haikufanana na yeye. "Niliimba. Yote matatu. La tatu nilikuona umefumba mdomo, na upande wenu ukapwaya. Nikaongeza sauti ili pengo lisisikike. Ndivyo Mwalimu alivyotufundisha, mwenzako akishindwa, mzibie. Nikakuzibia. Sijalala tangu siku ile."

Cherehani ikanyamaza. Mama yule hakuwa amelia wiki nzima, kicheko cha jana hakihesabiwi. Sasa alilia, kwa uchungu na kwa kitu kingine kilichokuwa karibu sana na raha.

"Kaa," akamwambia. "Vuta kiti, hilo kochi lina misumari."

Muuza nyama alirudi kwanza mlangoni, akalipungia lori mkono liende zake. Wakabishana naye kidogo kutoka juu, wakampigia honi, kisha likaondoka. Aliporudi akaketi, kofia magotini, na mama akalisukuma begi kwa mguu mpaka chini ya meza ya cherehani. Kwa mbali wimbo ukaanza, ule uliogeuzwa, sauti wanazozijua zote, hata ya shoga yake, juu kabisa, nzuri kama zamani.

Wote watatu waliusikiliza.

"Wapo wengi," akasema muuza nyama.

"Wapo," mama akasema, anajifuta macho. "Na bado nawapenda, jamani. Hapo ndipo panaponiuma."